Fildi ya jiolojia kutoka Ngorongoro hadi Ziwa Natron: ubebe kipi, uache kipi

Orodha ya vifaa anayopewa mwanafunzi wa jiolojia kabla ya fildi husema "dira, nyundo, hema, buti" na kuishia hapo. Haisemi dira ya namna gani, wala haimwonyi kwamba hema lililomsitiri ukingoni mwa Ngorongoro linaweza kumchemsha kando ya Ziwa Natron siku tatu baadaye. Hapa tumeviweka vifaa viwili viwili, au vitatu pale inapobidi, na kila jozi tumeitolea uamuzi. Njia tunayoifikiria hupita ukingo wa Ngorongoro na Bonde la Oldupai, kisha hushuka hadi Engare Sero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Ni siku kumi hadi kumi na nne za kulala kwenye mahema, gari likibeba mizigo mizito na mgongo ukibeba ya siku.

Kama fedha ni chache, na kwa mwanafunzi huwa chache, nunua kwanza kinachopima na kinachovaliwa mguuni. Vya kulalia vinakodishwa Moshi na Arusha kwenye maduka yanayohudumia wapanda Kilimanjaro, na vingine hupatikana mtumbani kwa bei ya kuongea.

Kambi mbili zisizofanana

| | Ukingo wa Ngorongoro | Engare Sero, Ziwa Natron |
|---|---|---|
| Urefu juu ya bahari | karibu mita 2,300 | ziwa liko karibu mita 600 |
| Joto | usiku wa Juni hadi Agosti hushuka chini ya nyuzi 10 | mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi |
| Hewa | ukungu na umande mzito | kavu, upepo na vumbi |
| Ardhi ya kupigia hema | nyasi na udongo unaoshika | majivu ya volkano, changarawe, miiba ya migunga |
| Mbu | wachache | wapo, na malaria ipo |

Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda. Kwa tofauti ya mita 1,700 kati ya kambi hizi, urefu peke yake unakupa nyuzi 11 za tofauti. Ndiyo maana karibu kila uamuzi wa kulala na kuvaa hapa chini unaelekea kwenye tabaka zinazovuliwa na kuongezwa, badala ya kitu kimoja kizito.

Dira: Brunton, ya sahani, au simu

Hapa tutakaa kidogo, maana kosa la dira halionekani. Nyundo ikivunjika utajua. Dira inayopotoka nyuzi nane itaendelea kukupa namba za kupendeza tu, na utazigundua usiku kambini pale tabaka la upande huu wa korongo litakapokataa kuungana na la upande wa pili.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Usumaku wa dunia haulali bapa. Huivuta sindano kwenda chini pia. Ulaya na Marekani Kaskazini ncha ya kaskazini ndiyo inayoinama, kwa nyuzi 60 hadi 70 katika sehemu kubwa ya maeneo hayo, kwa hiyo viwanda huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili sindano ikae sawa. Natron iko kusini mwa ikweta ya usumaku, yaani mstari ambako sindano haiinami upande wowote. Huku ncha inayoinama ni ya kusini, kwa nyuzi kati ya 25 na 30. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ikifika huku, upande wake wa kusini unalemewa mara mbili: mara kwa uzito wa kiwandani, mara kwa mvuto wa dunia. Sindano hukwaruza, husita, kisha husimama popote msuguano unapoikamata. Kipimo cha kugundua ni rahisi. Weka dira bapa, soma namba, igonge taratibu kwa kidole, soma tena. Namba ikihama kila ukigonga, sindano imegusa kioo au sakafu.

Kwenye Brunton, dira iliyopewa hataza Marekani mwaka 1894 kwa jina la David W. Brunton, uzito huo ni waya mwembamba uliozungushwa kwenye sindano. Unafungua kioo, unausogeza waya hadi upande wa kaskazini, unaangalia sindano mpaka ilale sawa, unafunga. Fanya kazi hiyo nyumbani, juu ya meza isiyo na chuma, siyo porini kwenye vumbi. Dira ya sahani, ile ya plastiki angavu yenye kioo na klinomita (kipima mwinamo) ndani, imefungiwa sindano yake kwenye kimiminika na haifunguliki. Ya aina hiyo lazima uinunue ikiwa sahihi tangu mwanzo: ama iwe ya ukanda wetu, ama iwe na sindano ya dunia nzima, kama Suunto MC-2 yenye herufi G. Ile uliyoletewa zawadi na ndugu kutoka Sweden, ipime kwa kuigonga kabla hujaiamini.

Sasa ulinganisho wenyewe. Brunton husoma mwelekeo na mwinamo wa tabaka, hulenga kilele cha mbali, hupima urefu wa mwamba kwa hesabu ya pembe, na kwa mkono uliozoea husomeka hadi nyuzi moja au chini yake. Ni nzito, ni ghali, na humchanganya mgeni kwa sababu herufi za mashariki na magharibi zimebadilishana nafasi. Hilo si kosa la kiwanda: unapolenga kwa dira, sahani ndiyo inayozunguka na sindano inabaki, hivyo herufi lazima zigeuzwe ili usome moja kwa moja. Ukinunua, chagua yenye duara la namba 0 hadi 360. Ile ya robo robo, 0 hadi 90, huzaa makosa ya kuandika kila siku.

Dira ya sahani hugawanywa kwa nyuzi mbili mbili, nyepesi, na inaweza kuwekwa juu ya ramani kama rula. Watu huidharau kwa ajili ya hizo nyuzi mbili. Lakini uso wa tabaka la majivu au wa mtiririko wa lava wenyewe hupinda kwa nyuzi tatu hadi tano ndani ya mita chache, kwa hiyo usahihi wa Brunton hapo unapima mabonde ya jiwe, si mwinamo wa tabaka. Ukilaza daftari gumu juu ya mwamba kwanza na kupima juu ya daftari, dira ya sahani inatosha kabisa.

Simu ina kasi isiyo na mpinzani. Unaiweka juu ya mwamba, unagusa skrini, mwelekeo na mwinamo vimeandikwa pamoja na mahali ulipo. Vipimo hamsini kwa saa moja si ajabu. Matatizo yake ni matatu. Kwanza, kihisi cha usumaku cha simu huvurugwa na kifuniko chenye sumaku, spika, hata pini ya daftari. Pili, hupotoka polepole bila kukuambia, na inabidi uizungushe hewani mfano wa namba nane kila unapohama kituo. Tatu, watengenezaji wakubwa hutaja nyuzi 35 kuwa ukomo wa joto la kuitumia, na Natron hupita hapo kabla ya adhuhuri. Simu iliyolazwa juu ya lava nyeusi saa saba mchana huzima skrini na kukuonyesha alama ya kipimajoto.

Uamuzi: kwa kozi ya wiki mbili, dira ya sahani yenye klinomita na sindano ya dunia nzima, na simu kama msaidizi, ukiikagua kwa dira kila baada ya vipimo kumi. Brunton inunuliwe na anayeendelea na jiolojia ya miundo, au iazimwe idarani. Ukiazima, angalia skrubu ya marekebisho ya kaskazini: huku tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na ya kweli ni chini ya nyuzi 2, hivyo iache kwenye sifuri. Dira iliyotoka kutumika nchi nyingine inaweza kuwa imeachwa kwenye nyuzi 10 au zaidi, na hakuna atakayekumbuka kukuambia.

Hakuna kati ya hizo tatu itakayokuokoa na bazalti yenyewe, ile lava nyeusi iliyoganda. Lava nyingi za Bonde la Ufa zimebeba usumaku, na kilele kilichopigwa na radi huipotosha sindano vibaya. Lenga kitu kilicho umbali wa mita thelathini, kiendee, geuka ulenge ulikotoka. Namba mbili zisipotofautiana kwa nyuzi 180, au karibu yake, mwamba unaingilia. Inua dira usawa wa kifua, urudie.

Nyundo: ya ncha au ya patasi

Nyundo ya ncha imetengenezwa kwa mwamba mgumu: upande mmoja bapa wa mraba wa kupigia, upande wa pili ncha ya kuchokolea nyufa. Ya patasi ina ubapa mpana kama wa fundi mwashi, na hufungua tabaka za mashapo kurasa kwa kurasa. Kwenye njia hii utakutana na lava, majivu yaliyoungana kwa joto, na miamba ya kale kama kwatzaiti ya Naibor Soit karibu na Oldupai. Chukua ya ncha, uzito wa gramu 600 hivi. Kwa mashapo laini ya ziwa na majivu yasiyoshikana, mwiko mdogo wa fundi mwashi hufanya kazi safi kuliko nyundo yoyote, na haupondi tabaka unalotaka kulipiga picha.

Kuhusu mpini, chuma cha kipande kimoja kinashinda mbao hapa. Mbao hukauka na kunywea katika hewa ya Natron. Kichwa kilichokuwa kimekaza Dar es Salaam huanza kucheza siku ya tatu, kisha huruka. Ukiwa na ya mbao, iloweke kichwa chini usiku kucha kwenye ndoo, ingawa hiyo ni tiba ya siku mbili tu.

Nyundo ya seremala usiilete kabisa. Chuma chake kimetiwa ugumu wa kupigia misumari. Kikikutana na kwatzaiti hutoa vipande vidogo vinavyoruka kwa kasi ya kutosha kuingia jichoni. Sababu hiyo hiyo inakataza kupiga nyundo moja kwa nyundo nyingine ukiigeuza ya kwanza kuwa patasi. Kama unahitaji patasi, beba patasi ya chuma laini pamoja na nyundo nzito ya kilo moja na nusu, moja kwa kundi la watu watano. Miwani ya kinga ya plastiki iliyofunika pembeni, siyo miwani ya jua.

Pale Oldupai nyundo inabaki garini. Ni eneo la mambo ya kale: hapo ndipo Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na mfupa uliogeuka jiwe haujitangazi. Kupiga au kuokota chochote bila kibali hakuruhusiwi, na ndani ya eneo la hifadhi kwa ujumla mkuu wa kozi awe na vibali mkononi kabla mtu hajainua nyundo.

Lenzi ya mara 10 au mara 20

Mara 10, bila mjadala. Ya mara 20 inakuonyesha eneo dogo, inataka mwanga mwingi, na kina chake cha kuona ni kidogo kiasi kwamba chembe moja ikionekana vizuri jirani yake imefifia. Iwe ya vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, yenye kipenyo cha milimita 18 au 21, na uifunge kamba shingoni. Lenzi hushikwa ikigusa nyusi na jiwe ndilo linalosogezwa, siyo kinyume chake.

Asidi au siki

Asidi haidrokloriki ya asilimia 10 hutenganisha kalsaiti na dolomaiti, madini mawili ya kabonati yanayofanana, papo hapo: ya kwanza huchemka kwa nguvu ikiwa baridi, ya pili hunyamaza mpaka uikwangue iwe unga. Ukianza na asidi kali ya maabara, ya karibu asilimia 37, sehemu moja ya asidi kwa sehemu tatu za maji hukupa karibu asilimia 10. Maji yatangulie chomboni, asidi ifuate polepole, na kazi hiyo ifanywe na fundi wa maabara chuoni. Asidi kali isisafiri kwenda kambini. Chupa ya matone ya mililita 30 ina matone 600 hivi, inatosha wiki nzima kwa watu wanne.

Hasara yake ni ya njiani. Ukipanda kutoka Arusha, mita 1,400, hadi ukingoni mita 2,300, hewa iliyomo chupani hutanuka na kuisukuma asidi nje kupitia kidude cha matone. Ifungue na kuifunga tena ukifika juu, na isafiri imesimama ndani ya kopo la plastiki lenye magadi soda kidogo chini. Kitakachovuja kitaliwa na magadi. Usiiweke mfuko mmoja na dira wala nyundo, kwa kuwa mvuke wake peke yake hutia kutu.

Siki ya dukani ni asilimia 5 ya asidi dhaifu. Inaonyesha kalsaiti ukikwangua unga na kutazama vipovu kwa lenzi, haikuchomi, na inapatikana duka lolote. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetaka ndiyo au hapana, siki inatosha. Anayechora ramani ya kabonatiti, miamba ya volkano iliyojaa kabonati, anahitaji asidi.

Sampuli: amerikani, plastiki, au kiroba

Kwa miamba ya kawaida, mfuko wa amerikani ulioshonwa na fundi cherehani, sentimita 20 kwa 30, wenye kamba mdomoni, unashinda. Hautoboki haraka, unapumua, unaandikika kwa kalamu ya wino wa kudumu, na ukifuliwa unarudi fildi mwakani. Ya plastiki hutobolewa na kona ya jiwe siku ya kwanza, na hukusanya jasho la mwamba hadi karatasi ya namba inageuka uji. Namba iandikwe mara mbili kwa hali yoyote: nje ya mfuko, na juu ya jiwe lenyewe. Kutegemea karatasi ya ndani tu ni majuto.

Lakini Lengai inaigeuza hukumu hiyo. Huu ndio mlima pekee duniani unaotoa lava ya natrokabonatiti katika zama zetu: nyeusi, nyepesi kutiririka, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya joto la bazalti. Madini yake makuu mawili ni nyerereaiti, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, na gregoriaiti, ya jina la mwanajiolojia John Walter Gregory. Yote ni kabonati za sodiamu, na unyevu ukiyagusa hubadilika. Lava mpya iliyokuwa nyeusi huanza kuwa nyeupe ndani ya saa au siku chache, kisha inakuwa unga. Ndani ya mfuko wa amerikani, ukungu wa ukingoni utaimaliza kabla hujafika chuoni. Kipande cha namna hiyo kifungwe hapo hapo kwenye kopo la plastiki la mfuniko wa kukaza, lililojazwa mpaka juu ili hewa iwe kidogo, na paketi ya chembe za kukausha kama zile zinazokuja na viatu vipya. Wala kisioshwe kwa maji, kosa linalofanyika kila mwaka na mtu mwenye nia njema.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo usipange kutegemea mifuko ya sokoni hata kidogo. Viroba vya nailoni vya kilo 25 vinafaa kwa kazi moja: kukusanya mifuko ya siku nzima na kuiweka garini. Kiroba kisizidi nusu, mtu mmoja aweze kukiinua.

Ramani ya karatasi au GPS

Beba vyote viwili, ila ujue vinapogombana. Ramani za zamani za mizani ya 1:50,000, na zile za jiolojia za QDS (Quarter Degree Sheet) za 1:125,000 kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) mjini Dodoma, nyingi zimechorwa kwa msingi wa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali. Simu na GPS huanza na WGS84. Ukihamisha namba bila kubadili msingi, unahama karibu mita 300 ardhini. Kwenye ramani ya 1:50,000 hizo ni milimita sita, yaani umeutoa mpaka wa miamba upande mmoja wa korongo ukaupeleka upande wa pili.

Mtego wa pili ni wa Natron hasa. Mstari wa longitudo ya 36 mashariki, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 za UTM (gridi inayotaja mahali kwa mita), unapita kwenye ziwa lenyewe. Asubuhi upande wa Lengai simu inaandika 36M na namba ya mashariki inayokaribia 834,000. Ukivuka mstari inaandika 37M na namba inaruka hadi 166,000 na ushee. Wanaonakili namba mbili bila kanda hupoteza siku nzima ya kazi. Andika kanda kila kituo, au weka kifaa kwenye latitudo na longitudo za desimali tangu siku ya kwanza na uachane na UTM hadi urudi chuoni.

GPS ya mkononi inayotumia betri mbili za AA hukaa saa 20 na zaidi, na betri zinauzwa hata Mto wa Mbu. Simu inahitaji pawabenki: ya 20,000 mAh, baada ya upotevu wa kubadilisha volti, hujaza simu ya 5,000 mAh mara tatu, siyo nne kama hesabu ya kifuani inavyodai. Sola ya kukunja ni nzuri pale kambi inapokaa siku mbili mahali pamoja. Kuining'iniza mgongoni ukitembea ni pambo.

Hema, godoro, blanketi

Hema linalojisimamia lenyewe, la umbo la kuba, linashinda lile la mtindo wa handaki. Sababu ni vigingi. Handaki husimama kwa sababu vigingi vimeshika, na majivu ya Engare Sero hayashiki kitu. Upepo wa alasiri huvichomoa kama njiti kwenye unga. Kwa kuba, zika mfuko uliojaa mawe kina cha sentimita 30 kila kona na ufunge kamba humo. Chagua lenye kuta mbili: ya ndani ya wavu mtupu, ya nje ya kuzuia umande. Ukingoni unazifunga zote, Natron unavua ya nje ukalala kwenye wavu, na mbu wanabaki nje. Hema la ukuta mmoja ni jepesi na ni rahisi, ila ukingoni pumzi yako hugeuka matone ndani na kukudondokea alfajiri.

Godoro la upepo ni raha mpaka mwiba wa mgunga ulipate. Ile miiba mirefu hupenya sakafu ya hema na godoro kwa pamoja, na tundu hulioni usiku. Sponji ngumu ya kukunja, unene wa sentimita moja na nusu, haipendezi lakini haipasuki, na mchana inakuwa kiti juu ya lava ya moto. Tungechukua sponji.

Slipingi begi ya baridi kali itakufaa siku za ukingoni na kukupikia jasho zilizobaki. Nyepesi, ya nyuzi 10 hivi, pamoja na blanketi moja la kimasai, inazimudu kambi zote mbili. Blanketi hilo hilo utalishukuru ukipanda Lengai, mita 2,962, ambayo hupandwa usiku na ambayo kileleni kabla ya jua kuna upepo wa kukata.

Buti

Ngozi kwa kitambaa: ngozi hukinga kifundo dhidi ya lava kali na miiba, kitambaa hukauka haraka na hakichomi mguu. Kwa njia hii tunaipa ngozi, kwa ajili ya mteremko wa Lengai ambako changarawe hula kitambaa siku moja. Zingatia magadi ya ukingo wa ziwa: ni makali, hukausha ngozi ya buti na ya mguu pia, kwa hiyo osha kwa maji kidogo jioni na upake mafuta.

Mtumba una hatari yake hapa. Buti nyingi zina tabaka la kati la sponji ya poliyuretani inayooza yenyewe kwa unyevu wa hewa, hata ikiwa imekaa kabatini bila kuvaliwa. Inaonekana mpya, unailipia, na kilomita ya tano soli nzima inabaki nyuma yako. Bonyeza kucha kwenye tabaka hilo na uikunje buti kwa nguvu. Ukiona ufa au ikibaki alama ya kucha, irudishe kwa muuzaji. Kwa kambini, ndala au kata mbuga. Kila asubuhi kung'uta buti kabla ya kutia mguu, nge hupenda giza lake.

Maji

Kunywa tu, hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku Natron. Ongeza lita 3 za kupikia na kuoshea vyombo. Watu 20 kwa siku nne ni lita 640, yaani madumu 32 ya lita 20, na uzito wa zaidi ya nusu tani ambao dereva anapaswa kuujua kabla hajapanga mizigo. Watu hujaribu kupunguza hapo kwa kubeba chujio na kutegemea maji ya huko huko. Chujio zuri la bakteria linaondoa bakteria. Floraidi haligusi, na maji ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania yana floraidi inayopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Vidonge vya klorini navyo haviigusi, na kuchemsha huikoleza. Chujio liwe akiba ya dharura. Maji ya kunywa yatoke mbali, kwenye madumu.

Mgongoni, chupa ngumu mbili za lita moja na nusu zinashinda mfuko wa maji wenye mrija. Mrija huziba vumbi, na huoni kilichobaki mpaka kimekwisha.

Daftari na begi

Kaunta buku ya jalada gumu na penseli ya 2H. Daftari lisilolowa ni zuri, lakini mvua haitakuwa adui yako Natron. Vumbi na jasho ndiyo, na kalamu ya bolpeni huziba kwa vyote viwili.

Begi la siku liwe la lita 30 hadi 35, siyo 60. Jiwe la ukubwa wa ngumi hupima karibu nusu kilo hadi kilo moja, na kumi zake tayari ni mzigo wa gunia dogo juu ya lita tatu za maji. Begi kubwa hualika mawe zaidi. Sampuli zikae chini karibu na uti wa mgongo, maji juu yake, asidi mfuko wa nje peke yake, na dira kwenye mkanda wa kiuno, upande wa pili wa mwili kutoka ilipo nyundo.